Kitambaa cha Bibi Ndani ya Bomba

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa Kansay. Shule niliiacha darasa la tano, kazi nimezijaribu zote, na mwaka huu nikajifunza mazingaombwe kwenye simu. Nilikata kipande cha bomba la maji, nikaficha ndani yake mfuko wa kumezea vitambaa, nikanunua vitambaa vya hariri sokoni Karatu.

Jumamosi nikaitwa kuchangamsha harusi kijijini Kansay. Vitambaa vyangu vilipotea na kurudi, vigelegele vikapigwa, kichwa kikanivimba. Nikamwomba bibi yake bwana harusi kilemba chake, nikakisokomeza bombani, nikapuliza. Bomba likaonekana tupu.

Kumbe kilemba ni kinene kuliko hariri. Kilinasa mfukoni. Nikavuta, nikatikisa, wapi!

Ndipo nikakumbuka kwamba nguo ya mtu, tena ya kichwani, haichezewi. Watu huogopa isije ikatumiwa kumroga mwenyewe.

"Kijana, nguo ya mama yangu umeipeleka wapi?" aliuliza baba wa bwana harusi, akisimama.

"Mchawi huyo!" mtu akapaza sauti nyuma. Vijana wawili wakaziba mlango.

Bibi akaninyang'anya bomba, akalichungulia, akaingiza vidole, akang'oa mfuko wangu wa siri pamoja na kilemba chake. Akauinua juu ukumbi mzima uuone.

"Kaeni chini," akasema. "Huyu si mchawi. Ni mwongo tu."

"Kweli kabisa, bibi," nikajibu haraka. "Mwongo mkubwa!"