Chakula Hakitoki Mpaka Masoud Atajwe

Kila ndege inaposhuka juu ya Mirdif, hapa Dubai, vikombe vya kahawa vinalia kabatini mwangu. Vinagongana kidogo, vinatulia, halafu nyingine inakuja. Wageni hushtuka. Mimi hushtuka vikikaa kimya, maana nimekulia ndani ya sauti hiyo, kwa bibi yangu Zuwena, mtaa wa Al Twar, ambako ndege zilipita chini hata ukadhani zinakuja kutuanulia nguo kambani.

Bibi hakuacha ndege ipite hivi hivi. Awe anachambua mchele au anakusuka nywele, atasimama, atatazama dari, atasema, "Rudi salama." Kisha anaendelea na kichwa chako pale alipoachia. Siku moja nilimwuliza kwa nini anaziambia zirudi ilhali ndo kwanza zinafika. Akanikaza msuko, akaniambia nitulie.

Aliyekuwa akimwambia ni mdogo wake, Masoud. Watu wetu walipoikimbia Unguja baada ya mapinduzi, Masoud alikuwa mtoto mgonjwa, akaachwa kwa shangazi mpaka apone. Akapona, akakua, na njia ya kumfuata ikawa imefungwa. Akaingia jeshini, akafundishwa urubani, na vita vya Uganda vilipokuja akapewa ndege ya kudondosha mabomu. Alikwenda safari moja asirudi. Ndege haikuonekana, wala yeye. Habari zilitufikia Dubai kwa mdomo wa msafiri, na Bibi akaambiwa asilie kwa sauti.

Aliyemwambia ni Babu Nassor, kaka yao mkubwa. Msimdhanie vibaya: alikuwa mtu mwema, mfuko wa kanzu yake haukosi peremende. Lakini jina la Masoud hakutaka kulisikia. Watu wa serikali ya mapinduzi walimburuta baba yao kutoka nyumbani, asionekane tena, na huyu akaenda kuvaa nguo zao. Kila mwaka, hitma ya marehemu wa ukoo iliposomwa sebuleni kwa Bibi, Babu ndiye aliyemtajia mwalimu majina ya kuombewa dua, na kila mwaka alimruka Masoud. Wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia. Bibi alisikiliza mpaka jina la mwisho, kisha akaenda kupakua.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, hakwenda kupakua.

Dua ilikwisha, wanaume wakanawa mikono, wakangoja. Harufu ya pilau imejaa nyumba nzima, bizari na vitunguu vya kukaanga, matumbo yananguruma. Bibi alikuwa ameiburuta mbuzi ya nazi hadi mlangoni mwa jikoni, meno yakiangalia nje, kaikalia, mwiko pajani. Shangazi zangu walijibanza kando ya friji, hawajui wacheke au walie. Mimi nilikuwa chini ya meza na sikuwa na nia ya kutoka.

Babu Nassor alikuja mwenyewe. "Zuwena, wageni wana njaa. Unatutia aibu."

"Aibu na iwe," Bibi akasema. "Chakula hakitoki mpaka Masoud atajwe."

"Kavaa nguo za waliomburuta baba."

"Baba ni wangu pia, Nassor. Lakini Masoud hana kaburi, hana mtoto. Pahala pake duniani ni hapo sebuleni tu, na wewe unamtoa kila mwaka."

"Kadondoshea watu mabomu."

Bibi akaugeuza mwiko pajani. "Kadondosha. Waliokuwa chini nao wana watu wao, na wawasomee. Mie wangu ni huyu."

Niliiona miguu ya Babu tu, na ncha ya bakora. Ikakaa, ikakaa, kisha ikageuka. Tukamsikia sebuleni akimwomba mwalimu arudi kwenye dua, kuna mmoja kasahauliwa. "Masoud," akasema. Ilibidi akohoe ndipo alitaje na jina la baba yao.

Pilau lilikuwa limeshika chini. Bibi akabandua ukoko wote, akauweka kwenye sahani peke yake, akasema apelekewe Nassor. Kumbe utotoni, Nassor na Masoud walikuwa wakigombania ukoko mpaka wanachapwa wote wawili.

Mimi siku ile niliamini Bibi katetea shujaa. Shuleni nilimpamba Masoud weee, nikamvika miwani ya rubani na medali. Yale maneno ya waliokuwa chini yalinipita. Yalinifikia mwaka huu, jikoni kwangu, nikikaanga vitunguu vya hitma, maana Babu na Bibi wametangulia na sasa mimi ndiye ninayeisomesha. Zaituni, dada wa Kiganda anayenisaidia nyumbani, alikuwa anamenya vitunguu thomu. Akaniuliza tunamsomea nani. Nikamtajia wote, na Masoud nikamweleza. Kisu chake kikasimama.

"Babu yangu alikufa kwa bomu katika vita hiyo, madam. Sokoni. Huyo wenu, mimi siwezi kumwombea."

Nilitaka kusema huenda si yeye, ndege zilikuwa nyingi. Nashukuru niliumeza ulimi wangu. "Usimwombee," nikamwambia. "Babu yako aliitwa nani?"

"Badru."

Nikamwita kaka yangu Salim, ambaye siku hizi ndiye anayemtajia mwalimu majina. Akaja na simu mkononi, nikamwambia mwaka huu na Badru atajwe, akakunja uso. Khalas, inatosha, akasema, hitma ni ya ukoo, na hao wawili utawatiaje kwenye dua moja, watu watasema nini.

Bibi yangu hakutetea vita siku ile, wala serikali. Ile serikali aliichukia sawasawa na Babu. Alichokataa ni chuki, hata yenye haki, kumchagulia nani amlilie na nani amwache. Nimechelewa kulijua hilo, na inaniuma kwamba sikumwambia. Lakini mbuzi yake ya nazi ninayo. Niliivuta mpaka mlangoni, nikaigeuza meno nje, nikakaa.

"Salim," nikasema, "chakula hakitoki mpaka watajwe wote wawili."