Siku Niliyoulizwa Upepo Nikajibu Tairi

Naanza kwa kukiri, maana hata nikificha Makambako nzima inajua: mimi ndiye yule dereva wa kike aliyeziba njia panda asubuhi kweupe na lori la mbao la tairi kumi, na mimi ndiye niliyeulizwa swali moja na trafiki nikatoa jibu ambalo madereva wa masafa marefu wanalisimulia mpaka leo. Aibu nimeshaizoea. Nikifika kituo cha mafuta nikaona watu wananyamaza ghafla halafu mmoja anakohoa, najua ni mimi ninayesemwa.

Jina langu Felista, nyumbani ni kijiji cha Yakobi, na kwa miaka mitano nilikuwa naendesha kigari cha tani tatu, nabeba viazi na parachichi kutoka mashambani kuleta Njombe mjini. Kigari kile kilikuwa na breki za mafuta, zile ambazo ukikanyaga pedeli ukaona imelegea unaipampu, mara mbili mara tatu, inapanda, gari inasimama, unamshukuru Mungu unaendelea na safari. Hiyo ndiyo breki niliyoijua mimi, na mguu wangu wa kulia ulizoea kiasi kwamba hata kanisani padri akirefusha mahubiri nilikuwa najikuta napampu sakafu.

Sasa Mama Mwalongo, mwenye yadi ya mbao na kile kigari cha viazi, niliyekuwa namfanyia kazi, dereva wake wa lori kubwa akaacha kazi. Akaniita, maana alijua ninayo leseni ya magari makubwa (ninayo kweli, ila gari tulilojifunzia lilikuwa bovu muda mwingi, breki za upepo nilizisoma ubaoni, na siku ile nilikaa nyuma nikila karanga). Akaniuliza, "Felista, hili lori unaliweza?"

Hapo ndipo lilipoanzia. Pale yadini palikuwa na wanaume kama saba wamekalia magogo, na katikati yao Mgimba, dereva wa lori la pili, ambaye tangu nifike alikuwa ananiita Shangazi Viazi. Akawa ananitazama, anangoja nijibu. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani, nikisema "naomba nielekezwe kwanza" basi nimekwisha, wiki nzima sitakula ugali kwa amani, kila nikipita nitasikia si tulisema, si tulisema. Nikamjibu Mama kwa sauti ya kusikika mpaka getini, "Mama, hilo nalo ni gari tu kama magari mengine!"

Mama akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Haya. Kesho tunapeleka mbao Makambako, mimi nitakaa na wewe mbele. Ukifika salama, ufunguo ni wako. Ukishindwa, unarudi kwenye viazi." Na jamani, ule ufunguo niliutaka. Niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu niache shule.

Asubuhi yake ilikuwa baridi ile ya Njombe ya mwezi wa sita, ukungu umelala juu ya mbao, vidole havitaki kukunjika. Nikafika wa kwanza, nikachukua nondo, nikazunguka lori nagonga tairi moja moja kusikiliza mlio, zote kumi, na ya spea juu yake. Nikawasha gari. Kuna mahali huko chini nikasikia kitu kinafanya ssss, kidogo tu, nikadhani ni mama ntilie wa jirani, sufuria yake ya chai inachemka. Fundi Tweve, fundi wetu wa yadi, mtu asiyependa maneno mengi, akapita na kikombe chake akaniuliza, "Felista, upepo uko sawa?" Nikamjibu, "Uko sawa kabisa, fundi, nimekagua mwenyewe." Akaridhika akaenda zake. Na mimi sikudanganya hapo, naapa, upepo nilikuwa nimeukagua kwa nondo.

Tukatoka. Nusu ya kwanza ya safari nilikuwa malkia. Kuna ule mlio gari kubwa hutoa ukiachia breki, pshhh, nadhani mnaujua, basi ule mlio ulinipendeza kuliko kwaya. Nikawa nakanyaga breki hata pasipo na sababu, naona ng'ombe yuko mbali shambani, pshhh, naona kibao, pshhh, watoto wa shule wananipungia mkono, pshhh pshhh. Mama Mwalongo yuko pembeni kajifunga kitenge mpaka kidevuni, anatabasamu, ananiambia habari za mteja wake, na mimi naitikia nikijiona dereva wa kwenda nje ya nchi.

Tukafika mteremko mrefu wa mwisho, ule ambao ukimaliza unaanza kuona mabati ya Makambako. Ndani ya gari kukaanza kulia kitu. Mlio mwembamba, mkali, haukatiki, na kwenye dashibodi kukawaka taa nyekundu. Mama akakatiza habari za mteja wake akaniuliza.

"Felista, hicho kinacholia ni nini?"

Jamani, hapo nilikuwa bado na nafasi. Gari ilikuwa haijachanganya mwendo, ningeweza kuiweka pembeni, nikashuka, nikapiga simu kwa fundi Tweve. Lakini niliwaza ufunguo, nikawaza Mgimba, na mdomo ukatangulia.

"Ni mlango, Mama. Mlango wako haujafunga vizuri."

Mama wa watu, na umri wake, akafungua mlango gari ikiwa inatembea, akaubamiza. Kile kitu kikaendelea kulia. Nikamwambia, "Bamiza tena, Mama, ule mlango mkorofi," akaubamiza tena, akaubamiza na ya tatu kitenge kikabanwa nje kinapepea, mlio uko palepale. Na mimi wakati huo nimekanyaga breki nasikia gari haishiki kama mwanzo, inashika kidogo halafu inateleza, na nyuma yetu kuna mbao mbichi za paini zilizojaa maji, uzito wake unausikia mgongoni. Nikafanya nilichokijua. Nikaipampu. Pshhh, pshhh, pshhh. Kila nikipampu breki inapungua nguvu badala ya kuongezeka, nikasema labda sijapampu vya kutosha, nikazidisha.

Nikajaribu kurudisha gia ya chini, gia ikakataa. Ikagoma katikati, huku hakuna na kule hakuna, gari ikawa inakwenda kwa uzito wake tu. Hapo jasho likanitoka na baridi yote ile. Mama Mwalongo akaanza "Salamu Maria umejaa neema", akakatiza katikati akapiga kelele, "Feli! Simamisha gari!" Nikamwambia, "Mama, nasimamisha!" na sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Mbele nikaona basi limesimama linashusha abiria, na akina mama na ndoo zao za parachichi wamelizunguka madirishani, wametapakaa mpaka katikati ya lami. Nikavuta kamba ya honi. Ile honi ya juu, kubwa, nikaivuta bila kuachia (na baadaye nilikuja kuambiwa honi ile nayo inakula upepo uleule wa breki, kwa hiyo nilikuwa namalizia kabisa kilichobaki). Watu wakaanza kukimbia. Nikakwepa basi kulia kwangu, kioo cha pembeni kikapita jirani na vioo vya basi, naona sura za abiria moja moja, nawaona wamefumbua midomo. Niliogopa, nasema ukweli. Nilijua leo naua mtu, na nilijua nitamuua kwa sababu ya kiburi.

Halafu gari ikajifunga yenyewe. Sikugusa kitu. Matairi ya nyuma yakakamata, lori zima likatetemeka, likaburuzika likinuka mpira ulioungua, tukalipita lile basi, tukaingia njia panda, tukasimama katikati kabisa pale barabara ya Njombe inapokutana na ile kubwa ya kwenda Mbeya.

Hatua tatu mbele ya bampa alikuwa amesimama mama mmoja na ndoo yake kichwani na mtoto mgongoni. Hakuwa amekimbia, miguu ilimkatalia. Akanitazama pale juu, akasema tu, "Kamwene," kama tunavyosalimiana nyumbani. Nilitaka kulia lakini hata kulia nilishindwa.

Kama yangeishia hapo ningeshukuru, ila aibu yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Nikawaza nisogeze gari nipishe watu. Nikaingiza gia, nikakanyaga mafuta, gari ikanguruma haiendi. Nikaongeza, ikaruka kama chura ikazima. Malori ya Zambia yakaanza kupanga foleni upande huu, mabasi upande ule, honi kila mahali, watu wa guesthouse wametoka na miswaki mdomoni. Trafiki akaja, akapanda ngazi, akachungulia dashibodi, akaniuliza kwa upole kabisa.

"Dereva, upepo una ngapi?"

Nikajikaza. Swali hili nililijua. Nikajibu kwa sauti, kwa kujiamini, "Mia na kumi, afande!"

Akatazama dashibodi tena. "Mia na kumi upi? Mshale uko chini ya tatu."

"Mia na kumi, afande, nimejaza jana jioni. Tairi zote kumi, hata spea!"

Palikuwa na madereva kama kumi na watano wamezunguka. Wakalipuka kwa kicheko. Kuna mmoja alilazimika kushika kioo cha lori langu asianguke. Mama Mwalongo, kitenge bado kimebanwa na mlango, akaniita kwa huruma, "Feli, mwanangu, Feli," na huko chini mtu akadakia, "Kumbe anaitwa Feli! Breki Feli!" Basi, nikabatizwa palepale, na jina hilo sijalitoa mpaka leo.

Aliyenisaidia alikuwa dereva mmoja mtu mzima, wa lori la kwenda Tunduma, ndala miguuni. Hakucheka. Akapanda, akaniambia nisogee, akawasha gari akaiacha ingurume pale pale bila kuingiza gia, akanionyesha geji ambayo nilikuwa nimeitazama njia nzima nikidhani ni ya joto la injini. Mshale ukawa unapanda polepole.

"Binti, breki yako haijafeli," akasema. "Breki imekukatalia. Hizi za nyuma zina springi kubwa, springi ndiyo inayofunga, upepo kazi yake ni kuishikilia isifunge. Upepo ukiisha inajifunga yenyewe. Ila kabla haijajifunga kuna pale katikati, upepo haukutoshi kusimama na springi bado haijakamata. Wewe umepita hapo katikati."

"Na ile alamu?"

"Ile inakuambia simama sasa hivi, wakati bado unaweza. Na hizi hazipampwi. Kila ukikanyaga na kuachia unamwaga upepo. Unashuka na gia ndogo tangu juu, breki unakanyaga mara moja, kwa uthabiti, unaachia."

Tukalisogeza pembeni, wakaweka mawe kwenye tairi, akazima injini akaniambia nisikilize. Ssss. Mpira unaopeleka upepo kwenye breki za nyuma ulikuwa umechakaa, unavuja. Ndiyo ile chai ya mama ntilie.

Mama Mwalongo hakunigombeza mbele za watu. Alisubiri mpaka tumebaki wawili, akakunja kitenge chake kilichochanika, akaniambia, "Gari kuharibika naelewa. Ungesema hujui, ningeshuka nikatafuta jiwe la kuzuia tairi. Wewe ukaniambia nibamize mlango." Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Fundi Tweve akaitwa aje kubadilisha ule mpira na kulirudisha lori, mimi nikarudi Njombe kwa basi, nimekaa kiti cha nyuma, nikiangalia ule mteremko kwa dirishani.

Kesho yake habari ilishafika yadini kabla yangu. Wanaume wamekalia magogo, Mgimba katikati. Nikapita mbele yao mpaka kwa fundi Tweve, nikasema kwa sauti ileile niliyomdanganyia Mama, "Fundi, sijui breki za upepo. Nifundishe tangu mwanzo." Nikangoja kicheko.

Hakikuja. Fundi akaweka kikombe chini, akawasha lori, akaanza: kujaza mitungi ya upepo mpaka geji ifike nane, kuzima na kusikiliza kama kuna panapovuja, kufungua mitungi kwa chini kutoa maji, kisha kukanyaga breki mpaka mshale ushuke uone alamu inalia kwenye ngapi. Ikalia. Nikaona watu wameanza kuinuka kwenye magogo, wanasogea mmoja mmoja wakijifanya wanatafuta kitu. Mgimba alikuwa wa mwisho kufika. Akasikiliza ule mlio, akakuna shingo, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Fundi, kwa hiyo hiyo kelele ni ya breki?"

"Ulidhani ya nini?"

"Mimi ya kwangu nilikata waya mwaka juzi. Ilikuwa inanipigia makelele nikiwa naendesha."

Hakuna aliyecheka. Miaka miwili, kila wiki, mteremko uleule, Mgimba alikuwa anapita na mbao bila alamu, na sisi wote pale yadini tukijifanya wajuzi. Fundi akachukua koleo na waya akaelekea kwenye lori la Mgimba, na Mgimba akamfuata nyuma amebeba boksi la vifaa.

Ufunguo nilirudishiwa baada ya miezi miwili, fundi aliposema niko tayari, na siku hiyo nilimwomba Mama apande tena na mimi, akakubali, ila alishika mlango kwa mikono miwili safari nzima. Kukanyaga mafuta hata mtoto anaweza. Mimi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, sitashika tena usukani wa kitu chochote kabla sijauliza kinasimamaje, hata wanicheke mpaka wagaagae.