Samaki wa Ujiji Sebuleni Kanyenye

Ukimsikiliza Nassibu akianza habari zake, utadhani mji wa Tabora haukuwa na dirisha hata moja kabla yeye hajashika almasi ya kukatia vioo. Atakuonyesha shule hii na msikiti ule, na kila dirisha atakutajia mwaka lilipovunjika na jina la aliyelivunja. Usimkatize, ni mtu mwema. Mikono yake imejaa makovu membamba, na jicho lake hupima kioo kwa usahihi kuliko futi za mafundi wenzake wengi hapo Kanyenye.

Kitu ambacho hatakusimulia ni ile ahadi.

Aliitoa mwaka 1986 huko Ujiji, barazani kwa wakwe zake. Alikuwa amekwenda kutia vioo katika zahanati, akamwona Tatu, na kazi ya wiki mbili ikachukua miezi miwili. Baba yake Tatu, mtu wa maneno machache, alimwambia kwamba mahari si tatizo. Alichotaka ni binti yake arudishwe kuliona ziwa kila Idi Kubwa, kwa sababu aliyelelewa kando ya maji yale hakai mbali nayo akawa mzima. Nassibu akaapa mbele ya watu. Babu zake Wanyamwezi waliitembea njia hiyo kwa miguu, wamebeba pembe na vitambaa vya watu wengine, wakaenda Ujiji na kurudi wakiimba. Yeye atashindwaje na treni ipo?

Akashindwa. Hakuwa na ubaya moyoni, ila Idi ikikaribia kila mwenye nyumba mjini hukumbuka kwamba kioo cha sebuleni kina ufa. Akawa anasema mwakani, na mwakani ikifika anasema mwakani. Katika miaka thelathini na minane alimpeleka mkewe mara tatu, na mara ya tatu walikwenda kumzika baba mkwe.

Tatu hakuwa mwanamke wa kulalamika. Alisimulia tu. Akichambua mchele atakuambia jinsi asubuhi za Ujiji zilivyonuka moshi na dagaa waliotandazwa mchangani, jinsi milima ya Kongo ilivyoonekana ng'ambo baada ya mvua kisha ikajificha tena, jinsi yeye na dada zake walivyoshindana kuzama na kuibuka na jiwe. Binti yao Najiat alikua akilijua ziwa lile kabla hajaliona. Ilikuwa raha kumsikiliza, na Nassibu husema mpaka leo kwamba miaka ile nyumba yao ilikuwa na upepo wa ziwani.

Halafu, miaka michache iliyopita, ziwa likapanda. Lilipanda taratibu, mwezi baada ya mwezi, likala mchanga, likala barabara ya chini, likafika nyumba ya kina Tatu. Uwesu, mtoto wa kaka yake, alituma picha kwa simu: paa la bati likichungulia majini, na mchikichi wa uani umesimama peke yake umezungukwa na maji. Tatu aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akamrudishia mumewe simu, akaenda kuanua nguo. Tangu siku hiyo hakulitaja ziwa tena. Hata dagaa wa Kigoma, ambao alikuwa akiwachagua sokoni mmoja mmoja kama anayechagua dhahabu, aliacha kuwanunua.

Hilo lilimuuma Nassibu kuliko kama angelaumiwa. Alikuwa mtu wa kuahirisha, na mtu wa kuahirisha hujipa moyo kwamba siku ipo. Sasa hata angeifunga karakana mwaka mzima, angempeleka wapi? Nyumba ilikuwa imekwenda na maji. Alijiona mwongo, na alijiona hivyo katika umri ambao mtu angependa kujiona vingine.

Wazo lilimjia akibadilisha kioo cha mapokezi katika hoteli moja mjini. Palikuwa na kisanduku cha kioo, ndani samaki wawili wekundu waliochoka na maisha. Nassibu akakikagua kisanduku badala ya samaki. Akaona silikoni imepakwa ovyo, kona hazikutani, kioo chenyewe chembamba. Akaguna. Yeye angeweza kutengeneza kikubwa mara ishirini, na kisivuje tone.

Kazi ile aliifanya kwa miezi mitatu, na sijui kama aliwahi kufanya nyingine kwa moyo namna hiyo. Vioo vilikuwa vya milimita kumi, urefu futi tano, upana na kimo futi mbili mbili. Alisugua kingo zote kwa jiwe na maji mpaka zikawa laini, akazipangusa kwa spiriti, akaunganisha kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, maana aliambiwa dawa ile huua samaki. Akatia na vipande vya kukaza juu, ili maji yasisukume kioo kikafanya tumbo. Meza ya chini aliichongesha kwa mninga mzito, kwa kuwa lita zaidi ya mia tano si mzigo wa kuweka juu ya stuli. Sanduku alilijaza maji, akalijaribu uani kwa siku nne, akilizunguka na karatasi ya chooni, anagusa kila kona kuona kama italowa. Haikulowa. Majirani walikuja kutazama, mmoja akauliza kama anafuga mamba.

Tatu alipita mara mbili kwa siku na ndoo yake, hakuuliza kitu.

Uwesu alikubali kuwakamata samaki wa ziwa la kwao, kwa kuwa ndiyo kazi yake siku hizi. Huzamia kwenye miamba kuwatafuta wale wadogo wa mapambo. Kwenye simu alimsisitizia mjomba jambo moja: maji yawe safi, yasiwe na dawa ya bomba. Hapo Nassibu akatabasamu. Maji ya bomba ya Tabora siku hizi yanavutwa kutoka Ziwa Viktoria, naye asingewatia wageni wa Tanganyika katika maji ya ziwa wasilolijua. Kwao, tangu enzi za mama yake, mgeni wa heshima hapewi maji ya bomba wala ya kisima. Hupewa maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua tatu za kwanza, yakahifadhiwa mtungini. Maji matamu, mepesi, yasiyo na harufu. Akafungua tangi lake la mvua za Machi, akalijaza sanduku lote, sasa likiwa sebuleni, na moyo ukamtulia kwamba safari hii hakubania kitu.

Samaki walifika kwa basi la Kigoma, thelathini, ndani ya mifuko iliyojazwa hewa. Walikuwa na mistari ya buluu, wengine njano kama ndizi mbivu, na wadogo kabisa wa kuishi ndani ya magamba ya konokono. Nassibu aliwamimina mfuko baada ya mfuko. Akamwita mkewe. Tatu akajibu kutoka jikoni kwamba chungu kiko motoni.

Kesho yake asubuhi watatu walielea. Jioni wakawa saba. Waliobaki walipanda juu, mapezi yamefungwa, rangi zimefifia, vinywa vinafunguka na kufungika. Nassibu akaongeza kipampu cha hewa, akapunguza maji, akajaza mengine ya mvua yale yale, na siku ya pili walikufa wanne zaidi. Aliketi sakafuni mbele ya sanduku, kofia mkononi. Kila samaki aliyegeuka tumbo juu alikuwa kama anamwambia kwamba yeye na Ujiji hawana bahati.

Tatu akatoka jikoni. Alisimama nyuma ya mumewe, akatazama kwa mara ya kwanza, na uso ukambadilika.

"Umewapa maji gani?" aliuliza.

"Ya mvua," Nassibu akasema. "Yale mazuri."

Tatu alichovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa. Akamwambia kwamba maji ya kwao si mepesi hivi, yana uzito wake. Ukichemsha birika Ujiji mwezi mmoja, ndani linaota gaga jeupe ambalo mama yake alikuwa akilikwangua kwa kijiko, na nguo zikifuliwa ziwani hula sabuni nyingi. Haya ya mvua ni matupu, kwa samaki wale ni sawa na njaa. Akaingia jikoni, akarudi na kopo la magadi ya kupikia maharage, akayakoroga kidogo katika jagi la maji ya moto, akayaacha yapoe. Alimimina kikombe kimoja tu. Baada ya saa akamimina kingine, akamwonya mumewe asiwe na pupa, maana wakishtushwa watakufa wote. Kisha akampigia Uwesu, bila hata kumpa nafasi ya kumaliza shikamoo yake, akamwagiza gunia la magamba ya konokono, mchanga na mawe ya chokaa ya ufukweni, vije na basi la kesho.

Siku tatu mchana kutwa Tatu alikaa pale na kikombe. Wawili wengine walikufa, kisha kifo kikakoma. Siku ya tano mistari ya buluu ilirudi. Samaki mmoja mdogo alijichagulia gamba katika yale yaliyoletwa na basi, akalifukia mchangani, akaanza kuwafukuza wakubwa waliopita mbele ya mlango wake. Tatu akacheka mpaka akafuta macho, na Nassibu, aliyekuwa hajasikia kicheko kile kwa muda mrefu, akajisifu moyoni kwamba deni la baba mkwe sasa limelipwa.

Ijumaa, baada ya swala, walikuwa wameketi pamoja mbele ya kioo.

"Baba Najiat," Tatu akasema, "umenijengea ziwa sebuleni ili usinipeleke ziwani."

Nassibu akapangusa alama ya kidole kwenye kioo. Akasema nyumba haipo tena, angempeleka akaone nini.

"Sikukuomba nyumba. Nilikuwa nimeyachukia yale maji, nikadhani nikiyaona nitayalaani. Nimekaa nayo wiki hii nzima, nimeshindwa." Akakiweka chini kikombe chake. "Nataka nikae ufukweni nimlilie baba. Sijamlilia. Tulizika asubuhi, jioni ukanipakia kwenye treni, ulikuwa na madirisha ya watu."

Nassibu hakukumbuka hata yalikuwa madirisha ya nani. Aliona aibu. Akatoa simu, akampigia mwalimu mkuu aliyekuwa akimsubiri Jumatatu kwa vioo kumi na viwili, akamwambia atafute fundi mwingine. Halafu akamuuliza mkewe, kwa sauti ya chini, treni ya Kigoma siku hizi inapita siku gani, kwa sababu yeye alikuwa hajui.

Tatu akamtajia siku zote, na saa.