Hasira ya Shambani na Panga la Nyumbani

Mwanangu, juzi jioni nilikuwa uani nachambua mbaazi, nikakusikia ukisema kwenye simu habari za jirani yetu wa mpaka wa mikorosho: "Huyu nitamuua tu." Ukacheka, na mwenzako nadhani alicheka pia. Mimi sikucheka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na iko siku ninayoikumbuka ambayo neno kama hilo lilikaribia kumfikisha mjomba wako Mfaume kwenye kitanzi. Kaa hapa nikusimulie.

Tulikuwa tunaishi Chinongwe, nawe bado nakubeba mgongoni. Wafugaji kutoka kanda ya ziwa walikuwa ndio kwanza wanaingia kwetu na ng'ombe wao. Mmoja wao, Shija, alijenga ng'ambo ya bonde letu. Mkewe alikuwa akiniletea maziwa, nami nampa muhogo. Hatukuwa maadui.

Msimu ule kaka yangu Mfaume alikuwa amelima ufuta mzuri kuliko wa mtu yeyote kijijini. Alikuwa ameshaukata na kuusimamisha mafungu mafungu shambani ili ukauke. Unajua ufuta ukikauka: ukiugusa tu, unamwagika. Sasa asubuhi hiyo alifika akakuta ng'ombe wa Shija wamo ndani, mafungu yamelala chini, na mbegu zote zimeshachanganyika na mchanga. Wakarushiana maneno. Shija akamchapa fimbo ya bega, kisha akaswaga ng'ombe wake akaondoka.

Mfaume alirudi nyumbani akiwa kimya. Akanywa maji, akanawa uso, akakaa. Nikamwekea ugali hakuugusa. Adhuhuri ikapita. Ndipo alipoingia ndani akatoka na panga, akaanza kulinoa kwenye jiwe pale uani. Vijana wenzake watatu wakawa wamekuja, kila mmoja na cha kwake mkononi. Hakuna aliyepaza sauti. Mwanangu, makelele yana nafuu, maana mtu anayepiga kelele bado anaomba azuiwe. Ukimya ule uliniogopesha mpaka maziwa yakakata kifuani.

Nikakufunga vizuri mgongoni, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda mbio kumwita Mzee Selemani, mjomba wetu mimi na Mfaume. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Tena huyu alikuwa amewahi kuwa mzee wa baraza, mmoja wa wale waliokuwa wakikaa na jaji Mahakama Kuu inapokuja Nachingwea, wakasikiliza kesi za mauaji na kutoa maoni yao kabla jaji hajahukumu. Alikuja na mkongojo wake, akakaa chini katikati ya njia ya kutokea uani, miguu ameinyoosha. Ukitaka kupita, umruke mjomba wako. Nani angethubutu?

Akauliza wanakwenda wapi.

"Kumtia adabu Shija," Mfaume akajibu. "Na akifa, amekufa."

Mjomba akamjibu, "Hilo la mwisho nimelisikia mimi, na hawa wenzako wamelisikia. Jaji naye angependa kulisikia."

Kisha akaanza kueleza, taratibu, kama mtu anayemenya muhogo. Alisema mtu akifa, mahakama huuliza kwanza kama kweli amekufa, na kifo hicho nani amekisababisha. Hata akifia hospitali baada ya wiki kadhaa kwa jeraha ulilompa, mkono ni wako. Kisha wanauliza kama sheria ilikuruhusu. Anayekushambulia sasa hivi unaweza kujikinga naye, lakini kumfuata kwake alipokaa siyo kujikinga. Halafu ndipo wanapofika penye shingo ya mtu: nia. Uliua kwa kukusudia, au bila kukusudia?

Mmoja wa vijana akasema nia iko moyoni, nani ataiona.

Mjomba akasema huo moyo wanausoma kwa vitendo. Ulishika silaha gani. Ulipiga wapi, kichwani au mguuni. Ulipiga mara moja au ulirudia. Ulisema nini kabla, na baada yake ulifanya nini. Wala huhitaji kuwa umepanga kuua. Ukikusudia kumjeruhi vibaya tu, au ukijua anaweza kufa usijali, kwao hiyo ni nia ya kuua. Na adhabu yake ni moja, kunyongwa.

"Kama ungempiga palepale shambani," akamwambia kaka yangu, "fimbo bado inawaka begani na ufuta unamwagika mbele yako, pengine sheria ingesema hasira ilimzidi mtu huyu, haikumpa nafasi ya kufikiri. Ungefungwa, lakini jaji angekuwa na pa kupimia adhabu. Ila wewe umetoka huko, umekunywa maji, umekaa, umenoa. Hasira ya shambani umeiacha shambani. Hii uliyo nayo sasa ni nyingine."

Akawageukia wale watatu, akawaambia wakienda pamoja kwa nia moja, asiyepiga na aliyepiga watasimama kizimbani bega kwa bega. Hapo mmoja akakumbuka ana mbuzi hajawafungua. Wa pili akamfuata. Wa tatu akabaki anatazama vidole vya miguu yake.

Mfaume hakuondoka. Jasho lilikuwa linamtiririka, na panga liko mkononi. Ndipo mjomba akanigeukia mimi.

"Huyu dada yako ataitwa. Ataapishwa, aulizwe alichokiona hapa uani. Binti, utasema nini?"

Mwanangu, sijawahi kuulizwa swali zito kama lile. Kaka yangu alinitazama. Ni wa tumbo moja nami. Baba yako aliponiacha, yeye ndiye aliyekuja kunichukua, akanijengea chumba. Wewe mgongoni ukaanza kulia, sikukubembeleza.

Nikasema, "Nitasema nilikuona unanoa."

"Utaniua wewe?" akaniuliza.

"Nitasema nilichokiona, kaka."

Alisimama pale mpaka nikadhani atamruka mjomba. Kisha akalitupa panga ukutani, akaingia ndani, akajifungia.

Alasiri mjomba na mwenyekiti wa kitongoji walivuka bonde kwenda kwa Shija. Walimkuta na ndugu zake wamekaa mlangoni na mikuki, wanasubiri. Walijua watafuatwa. Kwa hiyo siku ile hata hatujui angeuawa nani. Suala likapelekwa kwa wazee wa pande zote mbili, Shija akakiri kosa, akatoa ng'ombe wa fidia. Mfaume alimpokea ng'ombe, lakini mimi hakusema nami mpaka mvua za kupandia. Mpaka leo hajanishukuru kwa siku ile, nami sijamdai shukrani.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Hasira ikikukuta, iache ikukute mikono mitupu. Usiilishe, usiilaze ndani, usiitafutie chuma. Neno "nitamuua" usilitie kinywani hata kwa mzaha, maana siku jirani huyo akidhurika, watu watalikumbuka, na maji yakimwagika hayazoleki. Ugomvi wa mpaka upeleke kwa wazee, wakishindwa upeleke kwenye baraza la ardhi. Na rafiki akikuita mwende "kumtia adabu" mtu, kataa mbele yake, usimfuate ukijidanganya kuwa wewe ni mtazamaji.

Mwenyezi Mungu akupe moyo unaopoa upesi. Akukinge na damu ya mtu, na kichwa chako akikinge na mikono ya watu. Akujaalie kuzeeka katika nchi hii ukiitwa jirani mwema. Amina.