Mungu wa Radi Ukutani kwa Bibi

Mwezi uliopita niliitwa kwenye semina katika hoteli moja pale Usa River. Nikiwa nasubiri chai mapokezi, nikamwona ukutani: Raijin, mungu wa radi wa Wajapani, nywele zimesimama, macho yamemtoka, ngoma zimemzunguka mgongoni. Wino mweusi mtupu. Kwenye kona ya chini kulikuwa na doa la kahawa. Kahawa ile niliimwaga mimi, nikiwa na miaka tisa, picha ikiwa bado mezani inakauka.

Acha nikurudishe kijijini kwetu, Moshono ya wakati ule, kabla ya kuta za matofali, ilipokuwa migomba na mibuni tu. Niliishi na bibi. Chumba cha uani alipanga mwalimu wa hesabu, mama wa Kijapani aliyefundisha sekondari ya jirani. Jioni, mimi nikichambua maharage na bibi akisukasuka maziwa kwenye kibuyu, mwalimu alikaa barazani akisugua kijiti cha wino mkavu juu ya jiwe lenye maji kidogo, taratibu, bila haraka yoyote. Wino ule ulinuka kama masizi yaliyolowa. Tulikula loshoro pamoja, mahindi na maziwa ya mgando, naye alijua kusema shikamoo kabla hajajua kusema asante.

Bibi aliogopa radi. Masika moja ilipiga mgomba nyuma ya jiko, akakaa chini ya meza mpaka mvua ikakatika. Mwalimu hakucheka. Alichora picha ile, akamweleza bibi kwamba huyu ndiye mpiga ngoma wa huko juu, na ukishamjua sura hatakutisha sana. Bibi akaitundika sebuleni, karibu na kalenda ya kanisa. Tangu hapo, radi ikilia, aliitazama na kusema, "Nimekusikia, baba, punguza."

Mwalimu alimaliza mkataba akarudi kwao. Siku chache baadaye jirani yetu, mzee wa kanisa, alikuja kuomba mbegu za maharage, akaiona picha. Jumapili akasimama mbele ya usharika akasema bibi anafuga shetani ndani. Akaja na wanaume wawili, akaing'oa ukutani, akasema anakwenda kuichoma. Bibi akatengwa na kanisa. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma peke yake, na wanawake aliowakanda walipojifungua wakampa mgongo. Mimi nilifungua zizi la yule mzee, mbuzi wake wakamaliza bustani yake yote. Nilichapwa. Sikulia, nilisikitika tu kwamba mbuzi hawakuwa wengi zaidi.

Bibi alifariki mwaka uliofuata, bado ametengwa. Alizikwa bila kengele, bila mchungaji.

Sasa pale hotelini nilimuuliza dada wa mapokezi picha ilitoka wapi. Akasema ililetwa na mzee mmoja wa Moshono aliyekuwa akiwaletea mboga zamani. Alimpa mwenye hoteli kama zawadi. Nikaipiga picha kwa simu.

Jumapili nikaenda kwa yule jirani yetu, mzee wa kanisa. Nilimkuta mezani na wanawe na wajukuu. Nilimwamkia shikamoo, maana nililelewa, kisha nikaiweka simu kando ya sahani yake.

"Ulisema umeichoma," nikamwambia.

Aliisogeza simu karibu na macho. Binti yake mkubwa, ambaye sasa naye ni mzee wa kanisa, akamuuliza kama hiyo ndiyo picha ya yule bibi.

"Ilikuwa nzuri," mzee akasema. "Nilishindwa kuichoma."

Neno hilo liliniuma kuliko yote ya zamani. Aliniomba msamaha mbele ya watoto wake. Nikakataa. Nikamwambia akaseme palepale alipomsemea bibi.

Jumapili iliyofuata alisimama, binti yake amemshika mkono, akasema yote. Nilikaa benchi la mbele, nimevaa nguo yangu nzuri, nikageuka nione nyuso. Nilizitafuta zile zilizomkwepa bibi. Nilizipata mbili tu, za ajuza wawili, na mmoja alikuwa hasikii vizuri, akawa anamuuliza mwenzake mzee anasema nini. Waliobaki ni watu wa zile nyumba mpya za matofali, wazazi vijana wenye watoto mapajani, wakinong'onezana kuulizana bibi huyo alikuwa nani.