Alignment ya nyuma ilikataa kushika, mpaka siku tulitoa carpet ya boot

Wakuu, niaje. Hii kitu imenikaa kwa roho na kwa nyumba nikianza kuongea suspension watu wanaondoka mmoja mmoja, kwa hivyo nyinyi ndio mtanivumilia. Sitaongeza chumvi. Mtaona wenyewe haihitajiki.

Mimi ni mwanamke, nafundisha chemistry shule fulani karibu na Adams Arcade, na ugonjwa wangu ni magari ya zamani yenye mbio.

Mwaka jana nilinunua saluni ya turbo, manual, ya miaka ya tisini. Aina siitaji, wenye kujua mshajua. Aliyeniuzia ni Jaspal wa Jamhuri, rafiki yangu tangu tucheze hockey pamoja chuo. Hiyo gari yake ilikuwa imezeekea kwa compound yao, mzee wake akiiosha yeye mwenyewe.

Sasa hapo utauliza maswali gani?

Na ilikuwa tamu, niwaambie ukweli. Turbo ikishika unaskia mgongo umebandikwa kwa kiti.

Shida ilikuwa moja. Tairi za nyuma zilikuwa zinaliwa upande wa ndani. Naweka mpya, kidogo tu ndani kumebaki waya na nje bado ni kama ya dukani. Mvua ikinyesha, kwa kona, nyuma inataka kunipita. Nikajiambia ni tabia ya gari ya mbio. (Wenye tuko na hii ugonjwa tunajua kujidanganya.)

Kwa wale hawajui: gurudumu za nyuma pia zina mahali zinafaa kuangalia. Zikiangalia nje kama miguu ya bata, tairi inajisugua na gari haitulii. Gari kama hii iko na bolt huko nyuma, ukiizungusha gurudumu inarudi kwa laini. Hiyo tu. Si kazi ya kuogopesha mtu.

Nilienda garage moja tao, wakazungusha, wakasema iko sawa. Haikuwa sawa.

Ndio nikapelekwa kwa Wafula, fundi wa Riruta mwenye mdomo mrefu kuliko hii uzi. Aliangalia tairi akacheka. "Teacher, hii ni bush tu, zile raba za suspension zimekufa. Hii tunamaliza kabla ya lunch."

Akabadilisha bush. Akapandisha gari kwa mashine ya alignment. Screen bado red upande wa kulia. Akazungusha bolt. Red. Akazungusha mpaka ikafika mwisho, haina mahali pengine pa kwenda.

Red.

Hapo Wafula aliwacha utani.

Akachukua tape measure. "Teacher, shika hapa mbele." Akapima kutoka gurudumu ya mbele mpaka ya nyuma, upande wa kushoto, akapima wa kulia. Akarudia. Gurudumu ya nyuma ya kulia ilikuwa imekaa mbele kuliko mwenzake. Hiyo si kitu bolt inaweza kurekebisha.

Alifungua boot, akang'oa carpet, akainua na kiti ya nyuma. Chini kulikuwa na lami nyeusi imepakwa nene. Akaanza kuikwaruza na screwdriver.

Ikatokea laini ya welding. Akaifuata. Ilitoka mlango mmoja mpaka mwingine, gari nzima, chini ya kiti. Huku mbele rangi ya ndani ni blue. Huku nyuma ni white.

"Haya ni magari mawili," Wafula akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mbele ni yako. Nyuma sijui ni ya nani."

Akasukuma screwdriver kwa welding, polepole tu. Ikaingia mpaka kwa mkono wake. Kutu tupu.

Nilikaa kwa tairi pale chini. Pasaka nilikuwa nimepeleka mama yangu ushago Kakamega na hiyo gari. Mama hukaa nyuma. Niliteremka Kericho nikipita malori.

Nikampigia Jaspal, akakuja moto. "Yaani unaniita mwizi? Hii gari ilikuja kwetu ikiwa moja!" Wafula hakubishana, alimpea torch tu. Jaspal akainama, akaingiza kidole kwa ile shimo.

"Watoto wangu wamekaa hapa," akasema. Halafu: "Twende kwa mzee."

Tulimkuta kwa veranda, Jamhuri. Mimi humwita Uncle. Jaspal hakusalimia. "Papa ji, hii gari ilifanywa nini?"

Nilingoja akatae, ama ashangae.

Aliuliza tu, "Mmetoa carpet?"

Alikuwa anajua. Miaka yote.

Akatueleza. Jaspal akiwa masomoni ng'ambo, Uncle aliichukua kuzunguka nayo kidogo, lorry ikamgonga kutoka nyuma hapo kwa roundabout. Akapata mtu wa kukata nyuma yote na kuunganisha ya gari ingine.

"Kila Jumapili ulikuwa unanipigia simu, unauliza gari iko aje kabla hujauliza mimi niko aje," akamwambia Jaspal. "Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia imegongwa!" Jaspal alipiga kelele mpaka jirani akatoka. "Umeona watoto wakiingia hapo kila asubuhi!"

"Ilikuwa inarudi salama kila siku. Nikaamini imepona."

Halafu Uncle akanigeukia. "Na wewe, umebeba nani?"

"Mama yangu. Mpaka Kakamega."

Alitoa miwani akaiweka kwa mapaja.

Jaspal alinirudishia pesa yote bila kuulizwa. Ile body ilikatwa na grinder kwa Wafula sisi tukiwa hapo, mtu mwingine asije akauziwa. Grinder haikufanya kazi sana, vipande vingine vilitoka na mkono.

Nilidhani imeisha. Kumbe wiki iliyofuata Uncle alikuja Satellite, hapa Nairobi, peke yake, kwa nyumba ya mama. Alikataa kukaa. "Mama, nilikuweka kwa hatari ya kifo," akasema, "na sikuwa najua hata jina lako."

Mama alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwa upole kabisa:

"Mimi nimekusamehe, baba. Lakini hao wajukuu wako, majina ulikuwa unajua."

Akaenda kuweka chai. Uncle alibaki amesimama katikati ya sitting room, na mimi sikujua niangalie wapi.

Nilichojifunza: alignment ikikataa kushika, gari inakuambia kitu. Usinyamazishe na tairi mpya. Na usinunue gari kwa kuamini watu ni wazuri. Hao watu ni wazuri, bado nasema hivyo, na bado ningezika mama.

EDIT: Wale mnauliza, Jaspal na mzee wanaongea, lakini ni mambo ya chakula na dawa tu.

Haya, mezeni halafu mseme. Wewe ungekuwa Jaspal ungefanya nini? Na kama gari yako ya zamani inakula tairi za nyuma, enda kwanza uinue carpet, ndio urudi hapa ucomment.