Doa la Unyayoni

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa fundi wa magari pale mtaani Buyenzi, kijana mwenye mdomo mrefu na harusi iliyobakiza miezi miwili. Ilikuwa miaka ya vita. Vipuri havikupatikana, basi sisi mafundi tulizoea kutengeneza kila kitu kwa kubahatisha, nami nikadhani hata mwili unatengenezwa hivyo.

Nilikuwa na doa jeusi unyayoni. Nilidhani ni grisi, nikalisugua kwa petroli, halikutoka. Siku hiyo tukitawadha msikitini, Mzee Ramadhani, fundi wa bodi aliyezoea bomba la karibu na langu, akaukamata mguu wangu kama anakamata kuku.

"We Saidi, iyi si grisi. Siku ya Idi ilikuwa kama punje ya mtama. Leo iko kama kifungo ya shati, na rangi ni mbili."

"Aiumi, Mzee. Kesho mi naiunguza na maji ya betri, inaisha."

Lo! Watu wote bombani waligeuka.

"Maji ya betri ku mwili? Gari ya mutu ikilia kidogo unafungua moteri yote, mguu yako hata kuiangalia unakataa! Apana. Kesho tunaenda kwa daktari, mi na we."

Niliona aibu, na kwa mara ya kwanza nikaogopa. Kesho yake tukaenda, daktari akalikata doa lote akalipeleka kupimwa. Kungoja jibu kulinikondesha. Nilimwona Zuhura, mchumba wangu, akiwa mjane kabla ya harusi. Jibu likaja: kansa ya ngozi, ila haijaenda mbali, na yote imetoka. Ningeliunguza, alisema daktari, ningeficha dalili tu, ugonjwa ukaendelea chini kwa chini.

Harusini kidonda kilikuwa bado hakijafunga, nikavaa kiatu mguu mmoja na kandambili mwingine. Zuhura ananicheka mpaka leo.

Basi mwanangu, jikague, hata nyayo na chini ya kucha. Alama ikikua, ikibadilika rangi, ikitoa damu, au kidonda kikikataa kupona, usingoje maumivu. Usikate, usiunguze, mwonyeshe daktari mapema. Na ukiiona kwa mwenzio, mwambie hata akinuna.

Mzee Ramadhani ametangulia mbele ya haki. Kila nikitawadha, mkono ukifika kwenye kovu, namwombea dua. Nawe Mungu akupe afya, akupe na jirani wa bombani asiyejua kunyamaza.